Honeymoon haikutoka Babeli, wala haikuanza kama pongezi

#1 Mchimba Maneno

Wakuu, msimu wa harusi umefika na ile hadithi imerudi ukumbini. Mnaijua. MC anashika kipaza sauti, anasubiri maharusi wakae, kisha anaanza: "Zamani kule Babeli, miaka 4,000 iliyopita, baba wa bibi harusi alikuwa anampa mkwewe pombe ya asali ya kunywa mwezi mzima. Ndiyo maana mpaka leo Wazungu wanasema honeymoon!" Vigelegele. Kamera zinamulika. Kisha keki.

Hadithi tamu, ila ni chai. Tena chai ya rangi, haina hata maziwa. Na kinachonichekesha ni kwamba neno lenyewe lilizaliwa kuwa kijembe. Watu walilitumia kuwacheka maharusi, sisi leo tunawapongeza nalo.

Twende kwenye maandishi. Mwaka 1546, kule Uingereza, John Heywood alichapisha kitabu cha mashairi kilichokusanya methali za Kiingereza. Ameziweka ndani ya kisa: kijana anataka kuoa na yuko njia panda. Kuna binti mbichi asiye na kitu, anampenda. Kuna mjane mtu mzima mwenye mali. Anamwendea mwenye busara amshauri, na methali zinaanza kumiminika. Humo ndimo linapojitokeza "hony moone", kwa tahajia ya enzi zao. Ndiyo mara ya zamani kabisa inayojulikana neno hilo kuandikwa kwa Kiingereza.

Angalieni limekaa wapi: katikati ya methali za ndoa, kitabu chenye ulimi mkali. Heywood hakulitunga. Alilikuta mitaani.

Miaka sita baadaye, 1552, Richard Huloet akatoa kamusi ya Kiingereza na Kilatini, na humo analieleza. Kwa maneno yangu: ni msemo wa mithali kwa watu waliooana karibuni, ambao mwanzoni hawagombani, kila mmoja anampenda mwenzake kupita kiasi, na dalili zinaonyesha kuwa penzi hilo la kupita kiasi litapoa. Kipindi hicho, anasema, watu wa kawaida wanakiita hivyo.

Someni tena. Hakuna pombe. Hakuna baba mkwe. Hakuna safari ya ufukweni. Hata "mwezi mmoja" hajautaja. Kuna watu wawili wanaopendana sana na majirani wanaotazama pembeni wakisema "haya, tutaona".

Mwaka 1656 Thomas Blount, naye kwenye kamusi yake ya maneno magumu, akamaliza kabisa. Anasema linahusu wanandoa wanaopendana vizuri mwanzoni kisha mapenzi yakashuka: ni asali kwa sasa, ila itabadilika kama mwezi. Mwezi wa mbinguni huo, wakuu. Ukishakuwa mpevu, kesho yake unaanza kumegeka. Kijembe kiko hapo.

Nimeweka msingi. Wenye hoja waje.

#2 Kijana wa Ubungo

Uzi mtamu, mkuu. Ila usiwaonee ma-MC, wengine tunakula kwa mdomo huo huo. Swali: sisi wenyewe mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja. Kiingereza nacho moon na month si ndugu? Sasa kwa nini isiwe "mwezi mzima wa asali" kama tunavyosema? Na hiyo ya Babeli umeikataa tu, hujaivunja.

#3 Mchimba Maneno

Hoja ya kwanza ni ya haki. Ni ndugu kweli, na zamani Mwingereza aliweza kusema moon akimaanisha siku thelathini hivi. Kufikia karne ya 18 maana hiyo ndiyo imeshika. Samuel Johnson, kwenye kamusi yake kubwa ya 1755, anaandika kuwa ni mwezi wa kwanza baada ya ndoa, ambapo hakuna kingine ila upole na raha. Kijembe kimeshaanza kuyeyuka. Lakini Johnson yuko zaidi ya miaka 200 baada ya Heywood. Ukitaka kujua neno lilikuja na maana gani unawasikiliza waliokuwa karibu nalo, na hao wanazungumzia penzi kupoa.

Haya, Babeli. Nashukuru umeuliza, maana hapa ndipo nilipofurahia sana.

Kinywaji cha Babeli kilikuwa bia ya shayiri, na baadaye pombe ya tende. Neno lao linalotafsiriwa "asali" mara nyingi lilimaanisha shira ya tende, kwa sababu nchi ile ya tambarare ilikuwa na mitende kila upande na ufugaji wa nyuki haukuwa kazi yao. Ushahidi upo kwenye jiwe. Karne ya 8 kabla ya Kristo, mtawala wa Suhu, nchi iliyokuwa kandokando ya Mto Frati, jina lake Shamash-resha-usur, alichongesha maandishi ya kujisifu. Miongoni mwa sifa zake: amewateremsha nyuki kutoka milimani na kuwaweka kwenye bustani zake, nyuki ambao hakuna yeyote kati ya wazee wake waliomtangulia aliyewahi kuwaona wala kuwaleta katika nchi ya Suhu. Anaeleza hadi kwamba anajua kutenganisha asali na nta, na watunza bustani wake nao wanajua.

Mtu anajisifu kwa jambo la kawaida? Kama nyuki walikuwa habari mpya ya kuchonga kwenye jiwe karne ya 8, basi hao mababa wakwe wa miaka zaidi ya 1,000 kabla yake walipata wapi asali ya kumlewesha mkwe siku thelathini mfululizo?

Na hata kama wangeipata, nani alilibeba neno kutoka Babeli hadi vijiwe vya Waingereza 1546, likaruka Kigiriki, Kilatini na Kifaransa bila kuacha nyayo popote?

#4 Bi Mkubwa wa Pangani

Mwanangu Mchimba, umesema vizuri, lakini mnahangaika na asali ya Wazungu wakati sisi tuna fungate yetu. Enzi zetu hakuna aliyekwenda popote. Bwana harusi alikuja kukaa kwa kina bibi harusi, mnawekwa ndani siku saba. Somo wako, yule mama aliyekufunda, yupo, anaingia na kutoka. Chakula mnaletewa, kazi hushiki, jua hulioni. Ikifika ya saba ndipo watu wanakuja, mambo yanafanyika, mnatoka. Siku hizi naona fungate imekuwa kupanda ndege. Ndege na fungate wapi na wapi?

#5 Mchimba Maneno

Shikamoo bi mkubwa. Asante kwa kuja, na naomba niongezee kidogo kwa vijana.

Fungate ni saba. Kabla Kiswahili hakijakopa sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, watu walihesabu tandatu, fungate, nane, kenda. Kenda bado tunayo, wenzake wamezeeka. Nenda Comoro, saba ni mfukare. Nenda kwa Wadigo, ni fungahe. Ndugu wa damu hao. Kwa hiyo neno letu halina asali wala anga, ni hesabu tu: siku saba, zinaanza na zinaisha.

Naipenda tofauti hiyo. Kiswahili kilitaja muda na kikanyamaza. Hakikutabiri kitakachotokea siku ya nane. Mwingereza yeye hakutaja siku hata moja, alitabiri tu kwamba mambo yatapoa.

#6 Mwana wa Nyeri

Salamu kutoka Kenya. Naomba nikupinge kidogo. Huku kwetu asali na ndoa ni kitu na mwenzake. Kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, pombe ya muratina lazima iwepo, na muratina ya kweli ni ya asali. Wakamba nao wana kaluvu. Wazee hawafungui mdomo kuongea mambo ya bibi harusi bila hiyo kitu mezani. Sasa kama sisi tulikuwa na mila ya pombe ya asali kwa ndoa, kwa nini isiwezekane kwamba Waingereza, au Waviking wale wa zamani wa kaskazini mwa Ulaya, walikuwa nayo na neno likatoka hapo?

#7 Mchimba Maneno

Karibu sana, ndugu yangu. Na sisi huku tuna wanzuki, Waethiopia wana tej. Sibishi hata kidogo kwamba pombe ya asali imekaa kwenye ndoa za watu wengi duniani. Waingereza wa kale walikuwa nayo pia, utenzi wao wa Beowulf unataja ukumbi wa kunywea pombe hiyo. Lakini mila kuwepo ni jambo moja, na neno kutokana na mila hiyo ni jambo lingine. Ninyi wenyewe, pamoja na muratina yote ile, kuna Mkikuyu anayeiita fungate "mwezi wa muratina"?

Halafu Waviking. Hii ndiyo chai ya pili, maana ukimbana mtu kwenye Babeli anakimbilia kaskazini. Eti walikuwa wanamteka bibi harusi, wanamficha mwezi mzima na mtungi wa pombe ya asali mpaka ndugu zake wachoke kutafuta. Sawa. Tuwaulize wajukuu wa Waviking wenyewe. Mdenmaki anaita kipindi hicho *hvedebrødsdage*, Mnorwe *hvetebrødsdager*, Mwaislandi *hveitibrauðsdagar*. Maana yake kwa wote watatu: siku za mkate wa ngano. Mholanzi naye anasema wiki za mkate mweupe, *wittebroodsweken*.

Mkate! Kwa sababu kule mkate wa kila siku ulikuwa mweusi na mgumu, wa shayiri au nafaka nyingine ya baridi, na ngano nyeupe ilikuwa anasa. Maharusi wanakula cheupe kwa muda, kisha wanarudi kwenye cheusi kama wenzao. Mswidi amekwenda njia yake, anasema mwezi wa kubembelezana. Mjerumani anasema *Flitterwochen*, wiki za kunong'onezana na kuchekacheka. Hakuna mtungi hata mmoja. Ila oneni: kwenye mkate wa ngano ile sauti ya jirani inasikika tena, "kuleni, utaisha".

#8 Kasapa

Mimi niko Lubumbashi. Huku tunasema tu lune de miel, sababu Kifaransa ndicho cha shule. Sasa Wafaransa waliitoa wapi? Na Waarabu wanasema shahr al-asal, hiyo nayo ni mwezi wa asali. Si hapo tunarudi Mashariki, karibu na Babeli yako?

#9 Mchimba Maneno

Kasapa, umenigusa penyewe. Kifaransa kilitafsiri kutoka Kiingereza, neno kwa neno. Kiarabu nacho, Kiajemi nacho, na wengi wengine: hizo ni tafsiri za nyakati za karibuni. Asali yote hiyo imetoka bomba moja.

Lakini tazama Voltaire, yule mwandishi Mfaransa, alivyofanya. Miaka ya 1740 aliandika hadithi ya Zadig, kijana wa Babeli. Ndiyo, Babeli. Zadig anaoa, na Voltaire anasema amegundua kuwa mwezi wa kwanza wa ndoa, kama ilivyoandikwa katika kitabu cha Zend, ni mwezi wa asali, na wa pili ni mwezi wa pakanga. Zend ni maandiko ya Waajemi. Ni utani wa Voltaire huo, anachukua msemo wa Ulaya na kuuvika kilemba cha Mashariki ili upate uzito wa hekima ya kale. Muda si mrefu Zadig anamwacha mkewe kwa sababu hakaliki naye.

Hapa natoa dhana yangu, mnaweza kuitupa: sishangai hata kidogo kama chai ya Babeli ilianza kuchemka kwenye birika hilo. Mtu anasoma hadithi ya kubuni iliyowekwa Babeli yenye "imeandikwa katika kitabu", anaibeba kama historia, mwingine anaongeza baba mkwe, wa tatu anaongeza mtungi.

Na hiyo ya pakanga waliolelewa na Biblia wataitambua ladha yake. Mithali sura ya 5 ina asali midomoni na mwisho mchungu kuliko pakanga.

#10 Mtumishi wa Kigamboni

Kwa kuwa umefungua Biblia, niongeze. Mwanzo 29, Labani anamwambia Yakobo atimize juma la Lea kwanza. Waamuzi 14, karamu ya Samsoni ni siku saba. Kumbukumbu la Torati 24:5, mwanamume aliyeoa karibuni asiende vitani, akae nyumbani mwaka mzima amfurahishe mkewe. Mwaka mzima, ndugu zangu! Waajiri wa leo wanakupa siku ngapi?

#11 Abu Twalib

Na kwetu kuna hadithi ya Anas bin Malik katika Bukhari na Muslim: mwenye mke akioa bikira hukaa kwake siku saba, na akioa aliyewahi kuolewa hukaa siku tatu, kisha anagawa zamu. Bi mkubwa wa Pangani hakukosea, saba ya fungate imekaa mahali pake.

#12 Kijana wa Ubungo

Nimekubali yaishe, Babeli nimeifuta kwenye daftari. Ila hii ya kusafiri ilianza lini? Maana mimi kila kadi ya mchango naona kipengele cha "honeymoon Zanzibar", na kamati inakamuliwa kwa hilo.

#13 Mchimba Maneno

Karne ya 19. Kwa muda mrefu neno lilikuwa la hali, kipindi cha mapenzi, hata kama hamkutoka chumbani. Uingereza ya mwanzoni mwa karne hiyo, wenye uwezo walikuwa wakioana wanafanya ziara kuwatembelea ndugu ambao hawakuweza kufika harusini. Na hawakwenda peke yao, mara nyingine waliambatana na jamaa au marafiki. Hebu fikirini fungate na shemeji kwenye kiti cha nyuma. Reli zilipoenea, safari zikawa rahisi na maharusi wakaanza kwenda wao wawili. Upande wa Marekani maporomoko ya Niagara yakawa ndiyo kama Zanzibar yao.

Na msidhani wakubwa walijipa raha kubwa. Malkia Victoria alipofunga ndoa na Albert, Februari 1840, alijipa siku mbili tatu tu Windsor. Albert alitaka zaidi, Victoria akamkumbusha kwa barua kwamba yeye ndiye mtawala na kazi za dola hazimsubiri mtu.

Biashara ya utalii ndiyo iliyomalizia kusafisha neno. Hoteli haiwezi kukuuzia chumba kwa jina la kijembe. Mwezi unaomegeka ukawekwa juu ya bahari, umejaa, na minazi miwili pembeni. Zanzibar inafaidika, siilaumu.

#14 Dada Habari

Mimi kazi yangu ni kuhariri habari. Mnasahau kitu kimoja. Siasa! Rais akiingia madarakani waandishi wanasema yuko kwenye honeymoon na wananchi. Kocha mpya vivyo hivyo. Hapo hatumaanishi raha. Tunamaanisha subirini.

#15 Mchimba Maneno

Dada, umefunga bao nililokuwa nalitafuta. Maana ya 1552 haikufa, ilihama nyumba. Ukumbini neno limekuwa la pongezi, lakini kwenye siasa na mpira limebaki vilevile alivyolieleza Huloet: wanapendana kupita kiasi, hawagombani bado, na dalili zinaonyesha litapoa. Kocha akishinda mechi tatu mwandishi anapoandika "honeymoon" anamnong'oneza msomaji kitu kilekile ambacho majirani wa Heywood walikuwa wananong'onezana.

#16 Bi Mkubwa wa Pangani

Kwa hiyo MC aseme nini sasa? Msimwache mtoto wa watu na kipaza sauti mkononi hana la kusema.

#17 Mchimba Maneno

Bi mkubwa, aeleze fungate. Siku saba, somo mlangoni, na namba iliyoachwa na lugha ikabaki kwenye ndoa peke yake. Hiyo haihitaji Babeli.

#18 Kijana wa Ubungo

Jumamosi naijaribu, nina ukumbi Mbagala. Halafu mkuu, tuanzishie na uzi wa "husband", kuna jamaa ananiambia eti inatokana na bendi ya nyumba.

#19 Mchimba Maneno

Hahaha, bendi hakuna. Ni *húsbóndi*, neno la Waviking, na hapa ndipo walipoacha kitu kweli: mkazi mwenye nyumba yake. Hilo "bóndi" lina asili moja na *boer* ya Kiholanzi, mkulima, ndiyo iliyotupa Kaburu. Wazieni hilo mpaka nifungue uzi wake.